Kambi ya msituni Amani: ujue maji kwanza

Anayeuliza habari za kulala msituni kwa kawaida huanza na nyoka, kisha chui, kisha mapepo. Amani si msitu wa tembo wala simba. Kinachowaharibia watu usiku pale ni maji: yanayotoka juu, yanayopita chini ya hema, yanayopanda mtoni wakati umelala, na yale unayoyatoa mwenyewe kwa pumzi. Ukishayapanga hayo, mengine yote ni madogo.

Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani iko Usambara Mashariki, mkoani Tanga, na ilitangazwa mwaka 1997. Eneo lake ni hekta 8,380 hivi. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi unakutana na ukuta wa milima, unapanda, unapoa, na mvua inanyesha. Kwa mwaka hufika karibu milimita 2,000. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba, lakini mtu asikudanganye kwamba nje ya miezi hiyo ni pakavu. Januari na Februari ndiyo miezi ya kuaminika zaidi. Juni hadi Agosti ni baridi, ukungu unatanda asubuhi, na manyunyu huja bila taarifa. Kwa kambi ya kwanza nenda Februari. Masika usijaribu: hata gari la kawaida linateleza kwenye barabara ya kutoka Muheza, kilomita 30 na ushei za udongo na kona.

Kuna kambi mbili za kuchagua, na hazifanani. Zigi iko chini, kando ya mto Sigi, kwenye lango ambapo Wajerumani walikuwa na stesheni ya reli ya kubebea mbao. Pana joto, mto uko karibu, na mbu ni wengi. Amani yenyewe iko juu, kwenye mita 900 hivi, pale kilipoanzishwa kituo cha utafiti wa kilimo mwaka 1902. Huko usiku unahitaji sweta na soksi, mbu wamepungua, na unyevu ndio umezidi. Mwenye watoto aende juu. Anayetaka kulala akisikia mto aende Zigi, akijua kwamba chandarua si hiari.

Msitu huu unasimamiwa na TFS, Wakala wa Huduma za Misitu. Ada hulipwa kwa namba ya malipo, si kwa kumpa mtu fedha mkononi, na bei zinabadilika, kwa hiyo uliza ofisini kabla ya kufunga mizigo. Kambi hupigwa pale wanapokuonyesha. Chukua mwongozaji wa pale kijijini. Njia nyingi za Amani zinakatana na vijia vya wanavijiji na vya mashamba ya chai, na kwenye ukungu vyote vinafanana.

Mahali pa kusimamisha hema

Hata ukionyeshwa uwanja, ndani yake bado una nafasi ya kuchagua. Fika saa tisa alasiri, isizidi saa kumi. Chini ya miti giza huingia mapema, na hema linalosimamishwa kwa tochi karibu kila mara husimama vibaya.

Angalia juu kwanza. Msitu wa Amani umejaa Maesopsis, mti unaokua haraka, uliopandwa miaka mingi iliyopita na sasa umejiotea kila pembe. Mti huu una tabia ya kujipogoa: matawi ya chini hukauka na kuanguka yenyewe, hata siku isiyo na upepo. Shina lake limenyooka, halina matawi hadi juu sana, na chini yake utakuta vipande vya matawi makavu vimelala. Ukiona vipande hivyo, umeshaonywa, sogea. Miti mingine nayo iangalie kwa jicho hilohilo: tawi kavu lililonasa juu halisubiri dhoruba.

Kisha angalia chini. Usitafute pale palipo tambarare kama meza, maana hapo ndipo maji hutuama. Tafuta mteremko mdogo sana, wa kiasi kwamba chupa ikilazwa inabingirika polepole, na ulale kichwa kikiwa upande wa juu. Fukua majani kwa mguu: udongo wa chini ukiwa na rangi ya kijivu, unanuka na unanata, hapo maji hukaa. Usichimbe mtaro kuzunguka hema. Ndani ya hifadhi hairuhusiwi, na mtaro wenyewe ukishajaa unavunjika upande wa hema. Mahali pazuri hapahitaji mtaro.

Kwa mto, weka umbali wa mita 60 angalau, na uwe juu ya usawa wa maji kwa mita 3 au zaidi. Umbali peke yake hautoshi. Kingo za Sigi zina sehemu pana zilizo karibu sawa na mto, zenye mchanga mzuri laini, na watu huzipenda kwa sababu ya ulaini huo. Mchanga ule uliletwa na mafuriko. Tazama matawi ya vichaka: vijiti, nyasi kavu na mifuko ya plastiki iliyonasa kwenye kimo cha kiuno inakuambia maji yalifika wapi. Ukiona nyasi zimelala zote upande mmoja, hapo si pa kulala.

Hema na turubai

Mahema mengi yanayouzwa madukani kwetu yana kijifuniko kidogo juu na kuta za kitambaa kimoja. Kwa bustani ya nyumbani yanatosha. Kwa Amani, mvua ya upande inapenya. Hema linalofaa lina ganda la nje linaloshuka hadi karibu na ardhi pande zote. Soma lebo: kuna namba ya milimita inayoeleza kitambaa kinastahimili maji kiasi gani. Ganda la juu liwe 1,500 kwenda mbele. Sakafu iwe 3,000 au zaidi, kwa sababu goti la mtu mzima likikandamiza kitambaa kwenye udongo uliolowa, maji husukumwa ndani hata kama hakuna tundu.

Jaribu nyumbani kabla ya safari. Lisimamishe, mwagia ndoo mbili za maji juu ya mishono, kisha ingia ndani na tochi. Penye tone, kausha na paka gundi ya mishono. Angalia aina ya kitambaa: hema lenye utando wa PU, yaani poliyurethani, linataka gundi ya PU, na lile la silikoni linataka ya silikoni. Ukibadilisha, gundi inabanduka kama gamba baada ya safari moja.

Kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote ni nailoni ya chini. Mtu anatandika nailoni kubwa kuliko hema, inachungulia pande zote, anaona amejikinga. Mvua ikinyesha inamwagika juu ya hiyo nailoni iliyochungulia, inatiririka chini ya sakafu, na kwa kuwa ni nailoni haina pa kutokea. Sasa umelala juu ya bwawa ulilolitengeneza. Nailoni iwe ndogo kuliko sakafu kwa sentimita 5 kila upande, au kunja kingo zake ziingie chini.

Kama hema lako ni lile la bei ndogo, usilitupe. Nunua turubai la mita 3 kwa 4 na kamba ya mita 15. Funga kamba kati ya miti miwili, ipite juu ya hema, tupia turubai, na uache nafasi ya sentimita 30 au 40 kati yake na hema ili hewa ipite. Upande unaotoka upepo ushushe chini zaidi. Sasa kuna jambo dogo ambalo wengi hawalifanyi: maji ya mvua hushuka kwenye shina la mti, yanaingia kwenye kamba, yanafuata kamba hadi chini ya turubai na kudondoka katikati ya hema. Funga kipande cha uzi au kitambaa kwenye kamba, kiganja kimoja kabla ya turubai kuanza, kila upande, kining'inie. Maji yakifika hapo yanafuata uzi na kudondoka nje. Kazi ya dakika moja, na usiku mzima utalala pakavu.

Vigingi vya waya vinavyokuja na hema havishiki kwenye udongo wa msituni, ambao juu ni majani yaliyooza, kama sponji. Ondoa majani hadi ufike udongo wenyewe, na utumie vigingi vya urefu wa sentimita 25 au zaidi, ulivyokuja navyo kutoka nyumbani. Vigonge vikiwa vimeinama kutoka kwenye hema, si kuelekea hema. Pasiposhika kabisa, funga kamba kwenye mzizi. Kabla ya kulala zikaze kamba zote tena, maana kitambaa cha hema cha nailoni kikilowa kinalegea, ganda la nje linashuka na kugusa la ndani, na hapo maji yanapita.

Asubuhi ukikuta matone ndani, usikimbilie kusema hema linavuja. Mtu aliyelala hutoa unyevu kwa pumzi usiku kucha, na wanne ndani ya hema lililofungwa zipu zote wanaloanisha kuta bila msaada wa mvua. Acha matundu ya hewa ya juu wazi, na mlango ufunge kwa chandarua tu kama turubai linaukinga. Nguo zilizolowa zikae nje, chini ya turubai. Za kulalia ziwe seti moja kavu ndani ya mfuko usiopitisha maji uliofungwa, zisivaliwe mchana hata kwa bahati mbaya. Na ujiepushe na jinzi na fulana za pamba kwa kutembelea. Zikilowa Amani Julai, zinaweza kukaa siku mbili bila kukauka.

Mto

Sigi huweza kupanda wakati kwenu jua linawaka, kwa kuwa mvua imenyesha juu milimani. Jioni chomeka kijiti pale maji yanapoishia. Rudi kukiangalia kabla ya kulala. Kikiwa kimeshaingia mtoni kiganja kizima, hamishia vitu juu wakati bado mna mwanga na nguvu. Dalili nyingine: maji yanabadilika kutoka angavu kuwa ya rangi ya chai ya maziwa, majani mabichi na vijiti vinaanza kuelea kwa wingi, na sauti ya mto inakuwa nzito, wakati mwingine unasikia mawe yakigongana chini. Ukisikia mawe, usiende kuchungulia. Toka ukingoni.

Kuvuka, vuka asubuhi. Chagua sehemu pana, ambayo kwa kawaida ni ya kina kifupi. Epuka kona, kwa sababu upande wa nje wa kona ndiko maji yalikochimba. Maji ya kasi yakizidi goti, acha, tafuta daraja au subiri. Mto wa mlimani hushuka kwa saa chache mvua ikikatika. Vaa viatu vyako, usivuke pekupeku wala na ndala. Fungua mkanda wa kiunoni wa begi, ili ukianguka ulivue. Elekeza uso kule maji yanakotoka, shika fimbo ndefu mbele yako, na usogeze kitu kimoja kwa wakati: fimbo, mguu, mguu.

Maji ya kunywa na kupikia, hesabu lita 4 hadi 5 kwa mtu kwa siku. Chota juu ya kambi, penye mkondo, si kwenye kidimbwi. Yakiwa na tope, acha dumu litulie saa moja, kisha chuja kwa khanga iliyokunjwa mara nne. Kuchuja hakuui kitu, kunasaidia tu dawa ifanye kazi. Kisha chemsha hadi mapovu makubwa yavuruge sufuria nzima, dakika moja inatosha kwa mwinuko wa Amani. Zile dakika 10 za jikoni kwa bibi ni kupoteza gesi. Na gesi ina hesabu yake: kuchemsha lita moja kwenye jiko dogo hula gramu 15 hivi, na watu wanne wakitaka lita 16 kwa siku, ni robo kilo ya gesi kabla hamjapika ugali. Ndiyo maana wengi huchemsha ya kunywa tu, na ya kuoshea vyombo wanatia kidonge cha klorini. Soma pakiti: vidonge vingi vya madukani ni vya lita 20 za maji, na ukikitumbukiza kwenye dumu la lita 5 unakunywa Jiki. Subiri dakika 30. Klorini haiui kila kijidudu, kriptosporidiamu, kimelea cha kuharisha, kwa mfano huivumilia, kwa hiyo maji ya mtoto na ya mgonjwa yachemshwe.

Kuoga ni habari nyingine. Kwenye maporomoko na mkondo wa kasi, baridi na kivuli, hatari ya kichocho ni ndogo. Inapanda kadiri unavyoshuka, pale maji yanapopunguza mwendo, penye majani ya majini na konokono. Vijidudu vyake hutoka kwa wingi mchana wa jua kali, yaani saa ileile kila mtu anapotamani kuruka majini. Penye shaka, chota kwa ndoo, pasha moto, ogea pembeni.

Na pembeni maana yake mita 60 kutoka mtoni, kwa sabuni yoyote ile, hata ile iliyoandikwa kuwa haichafui mazingira. Sigi huishia kwenye bwawa la Mabayani, ambalo ndilo linalonywesha jiji la Tanga. Povu lako na choo chako vina safari fupi hadi bombani kwa watu. Pasipo na choo, chimba shimo la sentimita 15 hadi 20, umbali huohuo kutoka mtoni na kutoka njia, ufukie na kusawazisha. Usichimbe zaidi, kwani wadudu wa kuozesha wako kwenye udongo wa juu. Karatasi za kujisafishia zenye unyevunyevu, zile za watoto, hazioni udongo: zirudi nawe mjini.

Moto, chakula na wadudu

Usipange kutegemea kuni. Kukata ndani ya hifadhi ni kosa, na hata kijiti kilichoanguka kimelowa hadi ndani. Njoo na jiko la gesi, au mkaa ulionunuliwa Muheza ukiwa kwenye ndoo yenye mfuniko. Jiko la mkaa lisiingie hemani kwa sekunde moja, hata likiwa linazimika, hata mkiwa mnatetemeka. Hewa yake ya sumu haina harufu wala haichomi macho, na watu wamekufa hivyo wakiwa usingizini.

Maharage yaache nyumbani, au yaje yameshachemshwa, yaliwe siku ya kwanza. Choroko na dagaa vinaiva upesi. Unga kilo moja kwa watu wanne kwa mlo. Chakula chote kikae ndani ya ndoo ya lita 20 yenye mfuniko wa kubana, maana kima wa Amani wanajua mifuko ya chakula kuliko unavyoijua wewe, na panya anatoboa hema kwa ajili ya ganda la karanga.

Siafu ndio wageni wa kweli wa usiku, hasa baada ya mvua. Kabla ya kusimamisha hema, zungukia eneo ukitafuta msafara mweusi unaopita kwenye kijia chenye kingo. Ukiuona, hamia mbali nao, wala usiuvuruge. Ukiamka usiku na kuona panzi na mende wakikimbia wote upande mmoja, siafu wako nyuma yao. Amsha watu, vaeni mabuti, tokeni, mwachieni siafu njia. Watapita. Kumwaga mafuta ya taa kuzunguka hema kunaharibu kitambaa na udongo, na mvua moja inayaondoa.

Mbu wa malaria huuma usiku, kwa hiyo kutoka magharibi vaa mikono mirefu na upake dawa. Homa yoyote ikianza wiki moja au zaidi baada ya kurudi, pima, usinywe panado ukangoja. Kwenye kingo za mashamba kuna upupu. Ukikuangukia usikune, bandika na kubandua utepe wa gundi ili vinyweleo vitoke, kisha osha. Nyoka wa kuheshimu ni kifutu wa msituni, mnene, mwenye rangi za majani makavu, anayelala njiani bila kukimbia. Kwa hiyo usiruke gogo: kanyaga juu yake kwanza, uone upande wa pili. Usiku usitoke bila tochi, hata kwa hatua tano. Aliyeumwa alazwe, kiungo kisitikiswe, pete na saa zivuliwe, abebwe hadi hospitali Muheza. Kumfunga kamba kwa nguvu na kumchanja kunaongeza madhara.

Siku ya kuondoka, hema karibu kila mara litakuwa limelowa. Kung'uta, futa kwa kitambaa, lifunge hivyohivyo, lakini ganda la nje lifungwe mbali na la ndani. Ukifika nyumbani lianike siku hiyohiyo, kivulini penye upepo, kwa sababu jua kali linakula kitambaa. Likikaa limefungwa siku mbili tatu kwenye joto la Tanga au Dar, ukungu unaanza, baadaye utando wa ndani unanata na kubanduka, na harufu ile haitoki kwa sabuni yoyote. Hesabu vigingi wakati wa kuanika, si safari ijayo.